Mguu Waliouombea

Cucu wangu wa Landless,

Huku mtaani Kimbo kwa shangazi, Tata, kuna baridi, lakini mguu wa kushoto, ule nilitolewa kinundu kando ya kidole gumba, unapona. Jana akina mama wa kanisa walikuja kuniona na sukari na mkate. Tata alikuwa jikoni akipika chai. Kwa aibu nilificha bendeji chini ya blanketi, wakaona mguu wa kulia, wenye kinundu chake bado.

“Ngai! Kwani daktari alikata nini hapa?” mmoja akashangaa.

Wakauwekea mikono, wakalia. Niliona aibu kuwaambia kwamba uliokatwa ni wa kushoto. Nikasema tu, “Amina.”

Sasa wanataka niuonyeshe kanisani Jumapili, ukiwa umepona!

Nimekumiss, wewe na sufuria yako ya githeri. Ukiniombea, Cucu, omba kinundu cha kulia kiishe kabla ya Jumapili.

Mjukuu wako, Ciku