Mwambie Sijala Dawa

Ibra, Jumatano, 1986. Joto.

Tangu asubuhi joto limekaa juu ya mji na halina mpango wa kuondoka. Nimetoka kazini, nimeoga, nimeswali, na sasa nimejifungia chumbani kama mtu mwenye shughuli. Sina shughuli yoyote. Namkimbia mama mkwe wangu, na nyumba yenyewe ni yake.

Mama anaumwa. Mkojo unamchoma, na kila nusu saa yuko msalani. Jumamosi nilimpeleka kwenye kituo cha afya ninakofanya kazi ya unesi. Daktari wetu ni Mhindi. Kiswahili hajui, na Kiarabu chake kinaishia kwenye "wapi panauma". Mama Kiarabu anacho, lakini habari za mkojo hataki kuzitamka kwa Kiarabu wakati wanawake wa mji wamejipanga nyuma ya pazia. Basi mfasiri nikawa mimi, maana nilisomea Dar es Salaam na Kiingereza ninacho.

Daktari akauliza kama mgonjwa amekula dawa yoyote ya mkojo miezi ya karibuni. Mama akanitazama, akasema, "Mwambie sijala dawa. Hata kidonge."

Uongo. Nami nikaufasiri kama ulivyo.

Nieleze habari ya kopo, labda nikiandika nitapumua. Ni kopo la biskuti, liko kabatini mwa mama chini ya kanga zilizokunjwa. Watu waliohamia huku Uarabuni kutoka Unguja miaka ile ya dhiki hawatupi dawa. Ukipewa vidonge vya siku saba, unakula siku mbili tatu mpaka maumivu yapungue, na vilivyobaki unamwekea mwenzio. Huo ndio wema wenyewe. Mama ndiye mtunzaji wa kopo la mtaa, na anasifika kwalo. Mwanamke anayechomwa na mkojo hana haja ya kujifedhehesha mbele ya daktari mwanamume. Anakuja kunywa kahawa, anaondoka na vidonge vinne kwenye ncha ya kanga.

Mama mwenyewe amekula vya humo mara tatu tangu Ramadhani. Najua, kwa sababu mara mbili maji ya kumezea nimempelekea mimi.

Na nikiri jingine. Nilipokuwa na mimba ya binti yangu Asma nilipewa dawa hiyohiyo, na iliyobaki niliitia humo kwa mkono wangu. Nesi mzima! Kazini nawaambia watu wamalize dozi mpaka sauti inanikauka. Nyumbani nanyamaza, maana mkaza mwana ataanzia wapi kumfundisha mama mkwe mbele ya kabati lake?

Jumamosi ile daktari akaandika ampisilini, ileile iliyojaa koponi. Safari hii mama alikula kila kidonge kwa wakati wake, nilimsimamia. Haikusaidia kitu.

Leo asubuhi ameamka anatetemeka, homa kali, mgongo unamuuma upande mmoja chini ya mbavu. Hapo nikaogopa kweli. Maradhi yamepanda kwenye figo.

Nikamrudisha kituoni, na daktari akarudia swali lake. Akanieleza kwa utaratibu: kama kweli hajala dawa kabla, atamzidishia ileile arudi nayo nyumbani. Lakini kama amekuwa akila nusunusu, huenda vidudu vimeshaizoea, na itabidi aende hospitali kubwa, achomwe sindano za dawa nyingine, na mkojo upimwe maabara ijulikane ni dawa gani bado inaviua.

Mama alikuwa amenishika mkono, na kiganja chake kina moto. "Mwambie hapana," akasema. "Wataka wajue nyumbani kwa nesi watu wanajitibu wenyewe? Watakutoa kazini, mwanangu, wallahi."

Kumbe uongo wake ulikuwa wa kunisitiri mimi pia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikamgeukia daktari nikasema yote. Kopo, mara tatu, wanawake wa mtaa, na kwamba mimi nilijua na Jumamosi nilimdanganya. Hakunikaripia. Aliichana karatasi aliyokuwa ameanza kuiandika, akaandika nyingine ya hospitali. Kisha akaniagiza nimchome mama sindano ya kwanza palepale. Mama aligeuza uso ukutani nikamchoma.

Tulipotoka nje akasema, bila kunitazama, "Mimi nimekwambia hapana. Neno moja. Mbona wewe umesema mengi vile?"

Tangu hapo hajanisemesha. Namsikia chumbani kwake anafunga kifurushi cha nguo mwenyewe, na homa ileile mwilini. Nilipokwenda kumkunjia kanga akanipokonya. Kabati liko wazi, kopo lipo mahala pake, wala sijathubutu kuligusa. Nikilitupa nimemvunjia heshima mbele ya mtaa mzima. Nikiliacha, kuna binti wa mtu atakuja kunywa kahawa.

Mume wangu yuko njiani na gari kutoka Samad Ash Shan, tutaondoka baada ya Alasiri. Bado hajui kitu. Nimweleze mimi au nimwache asikie kwa mamake? Kwa vyovyote mwenye makosa ni mimi: kwa mama kwa kusema, kwa daktari kwa kuchelewa kusema.

Na kule hospitali kuna daktari mwingine atakayeuliza upya, na mfasiri nitakuwa mimi tena, na mama atanitazama tena. Nitasema yaleyale. Sioni njia nyingine ila hiyo, na hiyo nayo siipendi.

Gari limesimama nje. Miaka sita katika nyumba hii, tangu siku ya kwanza niliyoingia, mama ameniita mwanangu. Sasa hivi amegonga mlango wangu mara moja.

"Nesi," amesema. "Gari limefika."