Kitunga cha Mama Siku ya Mavuno

Kashuga, tarehe 13 Februari 2023

Mpendwa kaka Floribert,

Amani ya Bwana ikukute huko Lubumbashi. Habari za nyumbani? Mke wako Gaëlle amepona lile goti? Sisi tunapumua. Kibanda chetu hapa kambini kinavuja, lakini Mama na mimi hatujaugua, tunamshukuru Mungu.

Kaka, nimesikia ule ujumbe wa sauti uliomtumia Mama, kwamba kifo cha Darius ni mapenzi ya Mungu na anyamaze. Nakupenda, lakini usimtumie tena maneno hayo. Mdogo wetu alirudi kilimani kwetu kupalilia maharagwe, wakamuua shambani, na waliomuua ndio waliovuna. Tunawajua. Wanapita sokoni Mweso vifua mbele, na hakuna anayewauliza.

Sasa sikia. Jumapili iliyotangulia hii ya jana ilikuwa siku ya mavuno kanisani. Unakumbuka jinsi kila jamaa inavyoitwa kwa jina, ikapeleka kitunga mbele huku akina mama wakipiga vigelegele. Walipoita jina letu sikuinuka, maana hatukuwa na kitu. Mama akainuka. Alikuwa na kile kitunga kikubwa kichwani, amekifunika kwa kitenge, nami nikadhani majirani wamempa maharagwe kidogo. Akakiweka chini, akakifunua. Kitupu!

“Mungu,” akasema kwa sauti, “Ni Darius njo alilima. Maharagi iko mu sufuria ya bale bantu balimuua. Uniambie, kitunga nijaze nini? Mutoto wangu alikukosea nini?”

Niliona haya mpaka masikio yakawaka, nikaenda kumvuta mkono. Pasta Evode akanizuia. Akakisogeza kile kitunga kati ya vile vilivyojaa, akaviombea vyote, na alipofika kwenye cha Mama sauti ikamkatika. Nililia, kaka. Nililia kuliko siku ya mazishi.

Baada ya ibada kila mtu hurudishiwa kitunga chake. Mama alikataa. “Kibakie pale. Bado hajanijibu.”

Nikajua basi, hatakanyaga tena kanisani. Jana nimeamka, hayupo. Nimemkuta kanisani ameketi karibu na kitunga chake hata kabla ya kengele. Nikamuuliza kama bado ana hasira.

“Iko mingi,” akasema. “Lakini nitauliza nani mwingine?” Kisha akaanza kuimba kwa ile sauti yake ya kukwaruza, unaijua, akaumaliza wimbo wote.

Kwa hiyo ukimpigia simu, usimfundishe. Msikilize tu, hata akilia.

Nisalimie Gaëlle na binti yenu Umugwaneza. Shangazi Astrid wa Walikale naye anawakumbuka sana. Mungu asiyemfukuza anayelia awalinde nyote.

Mama anakusalimu. Anasema Jumapili ukienda kanisani huko, na wewe umuulize Mungu habari za Darius.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Kayitesi