Kinyunyizio Nyuma ya Boriti

Mjukuu wangu Tusekile,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Dodoma. Sisi hapa Tunduma hatujambo. Bibi yako amepona mguu, sasa anakwenda sokoni mwenyewe.

Unauliza: bomba la kuzimia moto likikuta boriti ambayo haimo kwenye mchoro, ulikwepeshe kimyakimya au umwambie mhandisi, ingawa wewe ni mgeni kazini?

Ujanani tulifunga mabomba kama hayo kwenye ghala la kahawa kule Mbozi. Nilikuta boriti isiyokuwemo kwenye mchoro, nikalizungusha bomba na kufunga kinyunyizio, kile kichwa kinachomwaga maji moto ukiwaka, upande wa pili. Tulipojaribu maji hakuna kiungo kilichovuja, nikajisifu. Mzee Simbeye, fundi wetu mkuu, akanisimamisha mahali ambapo magunia yangepangwa.

"Kutoka hapo unakiona kinyunyizio?"

"Hapana, mzee. Boriti imekikinga."

"Basi na maji yake hayatafika hapo."

Niliona aibu, maana wakulima wangeweka humo mavuno yao ya mwaka mzima. Tulikwenda wote wawili kwa mhandisi. Nilidhani atanifukuza. Akachukua penseli, akasema, "Nionyeshe." Alichora upya na kuongeza kinyunyizio kingine. Tangu hapo, kila alipofika aliniuliza kwanza mimi, "Umekuta nini huko juu?"

Kamwambie mhandisi wako, mjukuu wangu. Yeye alichora akiwa mezani. Wewe ndiye uliyepanda ngazi ukaona.

Ni mimi babu yako, ninayejivunia kazi ya mikono yako.