Wingu la Tumboni mwa Marial

Kaka Kuol,

Nakuandikia kitabuni kwa sababu simu yako haipatikani, na watu wa boti wamechoka na salamu zangu. Kila Jumamosi natoka mtaani kwangu Lemon Gaba, hapa Juba, nashuka bandarini, namtafuta anayekwenda Bor, namwomba akikuona akuambie Achol anakusalimu. Nahodha mmoja aliniuliza juzi kama wewe ni mume aliyenitoroka. Nikamwambia hapana, ni kaka yangu wa tumbo moja. Alinihurumia zaidi kuliko ambavyo angenihurumia kwa mume.

Unaikumbuka ile siku kule Kenya, Kitale, baba alipopiga simu? Mimi nilikuwa na miaka tisa, wewe kumi na miwili. Hatukuwa na simu, kwa hiyo alipiga kwa Mama Nekesa, mwenye nyumba, tukajipanga uani kwake: mama, wewe, halafu mimi. Baba alikuambia amekutengea maksai kule Bor, dume aliyehasiwa, wa kuimbiwa, si wa kuvuta plau. Mweusi tii, na doa jeupe ubavuni, na kwa rangi hiyo jina lake ni Marial. Mama akatueleza kwamba kwetu sisi Wadinka kijana akishapewa maksai wenzake humwita kwa jina la maksai huyo, naye humwimbia na kuinua mikono juu kama pembe zake. Hukungoja amalize. Uliinua mikono hapo hapo ukakata kamba ya nguo.

"We Kuol, shusha pembe zako," alisema Mama Nekesa. "Hizo nguo ni za kanisa kesho."

Tulicheka hadi mama naye akacheka, na mama siku hizo hakuwa mtu wa kucheka.

Shida ni kwamba ulikuwa na maksai usiyemjua. Ukanijia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nachora kila kitu kilichokaa kimya. Sikuwa nimewahi kumwona ng'ombe wa kwetu hata mmoja. Kielelezo changu kilikuwa kalenda ya duka la dawa za mifugo, yule ng'ombe wa maziwa wa Januari aliyenona kama mama mchungaji. Nilimchora nyuma ya karatasi ya Desemba, nikampaka weusi, nikamwachia doa jeupe, nikaandika MARIAL chini kwa herufi kubwa. Ulimtazama kwa muda mrefu, halafu ukaniuliza kwa upole sana, "Achol, ni maksai gani huyu wa kukamwa?"

Nilikuwa nimemchora na kiwele chake. Nilikifuta kwa raba hadi karatasi ikakaribia kutoboka, na pale chini ya tumbo pakabaki moshi wa kijivu usiotoka. Ukasema haidhuru, ni wingu, amelibeba kutoka Bor. Kisha ukasema lile neno ambalo limenilisha maisha yangu yote.

"Mwekee mabawa basi. Bor ni mbali sana kwa miguu."

Nikamwekea. Ulimbandika juu ya godoro lako, na kuanzia siku hiyo mimi peke yangu Kitale nzima nilikuwa nakuita Marial. Shuleni ulikuwa Kuol, kwa Mama Nekesa ulikuwa we Kuol, lakini chakula kikiiva nilisimama mlangoni nikaita Marial, nawe ulikuja mikono imeinuliwa, ukipita mlangoni kwa ubavu ili pembe zisigonge. Nilijua namwita nani.

Tuliporudi Juba hukukaa hata mwezi. Ulipanda boti kwenda kwa baba, na wiki mbili baadaye ukanipigia kwa simu ya mtu. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu na ng'ombe walikuwa wanalia. Ulisema, "Nimemwona. Hana mabawa, lakini anatosha." Nilifurahi kwa ajili yako, Kuol, nilifurahi kweli. Halafu nikakaa kitandani nikajiona kama mtu aliyeachwa kituoni na mizigo yote. Mama alikuwa amefariki Kitale, wewe ulikuwa na maksai wa kweli, na mimi nilikuwa nimebaki na yule wa karatasi.

Kwa hiyo nikamfuga. Mchana nilikuwa natengeneza mabango ya harusi na vibao vya famasia katika duka moja mjini, na alfajiri kabla ya kazi nilikuwa namchora Marial. Akabeba watoto kuvuka mito isiyo na madaraja. Akapigana na mlima wa Rejaf, ambao katika hadithi zangu hushuka mtoni kunywa maji na kukanyaga mashamba ya watu. Nilianika kurasa kwenye kamba ndani ya chandarua ili vumbi lisizifikie, nikalala chini yake. Mwishowe nikapiga picha michoro kumi na miwili nikaituma kwa mchapishaji mdogo wa Nairobi. Chini ya kila mchoro, kama nilivyozoea tangu utotoni, nilikuwa nimeandika MARIAL.

Alijibu: "Mpendwa Bwana Marial."

Sikumsahihisha. Kosa langu liko hapo, na nimelizunguka miaka mingi nikilitafutia jina lingine. Nilijiambia kwamba wajomba wakijua wataniuliza nitaolewa lini badala ya kushika kalamu. Nilijiambia kwamba hakuna atakayenunua hadithi ya maksai iliyoandikwa na mwanamke aliyemjua ng'ombe kwenye kalenda. Yote mawili ni kweli, lakini ukweli wenyewe ni kwamba nililipenda jina hilo. Nilikuwa nimekosa mtu wa kumwita hilo.

Vitabu vikatoka kimoja, viwili, vitatu. Ulikuja Juba nikiwa nimeanza cha nne. Nilikupokea bandarini nikiwa nimevaa gauni la Krismasi, nimekupikia. Ulishuka umeshika mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kulikuwa na kitabu changu, kimekunjika kwa maji. Mtu wa chanjo za ng'ombe alikuwa amekileta kwenye kambi yenu ya mifugo, vijana waliosoma wakakisoma kwa sauti, na tangu siku hiyo ukipita na Marial wako hawakuinua mikono kama pembe. Walipiga mabawa.

"Umeuza maksai wangu, Achol," ulisema.

"Nilimchora tu. Si wewe uliniambia nimwekee mabawa?"

"Nilikuambia wewe. Sikuwaambia watu."

Hapo ningenyamaza. Ningekushika mkono twende nyumbani tukale. Lakini mimi na mdomo wangu unatufahamu, nikasema bila mimi usingekuwa na maksai yeyote miaka yote ile ya Kitale. Ulinitazama kama ulivyoitazama ile karatasi ya kalenda, muda mrefu, ila safari hii hukutafuta neno la upole. Ulisema, "Kalas," basi imekwisha, ukapanda boti ile ile iliyokuwa inapakua unga. Chakula nilikula mimi siku tatu.

Miaka minne imepita tangu siku hiyo. Nimetoa vitabu viwili zaidi kwa jina lako, kwa kiburi kwanza, halafu kwa mazoea. Nataka ujue jinsi ninavyoishi, maana huenda unadhani nashangiliwa. Shule moja hapa Juba ilialika Bwana Marial, nikaenda kama binti anayembebea vitabu. Mtoto mmoja akauliza lile wingu la tumboni ni la nini, maana nimelichora katika kila ukurasa. Mwalimu akamjibu kwa dakika kumi nzima kwamba ni mvua ya mababu na huzuni ya nchi yetu. Niliuma shavu kwa ndani ili nisicheke. Nikatoka pale na kicheko changu kizima, nikatembea nacho hadi nyumbani, na nilipofika nikakumbuka kwamba mtu mmoja tu duniani anajua kuwa kile ni kiwele. Nililia, Kuol. Nilikalia ndoo nikalia.

Mwezi uliopita Abul, binti wa shangazi, alikuja na samaki wakavu, akaniambia yale usiyoniambia. Alisema maji ya mto yalipanda yakafunika malisho, yakakaa. Ng'ombe walisimama majini hadi kwato zikaoza, na wewe ulikuwa unamletea Marial nyasi kwa mtumbwi, unamlisha kwa mkono, na alipokufa ulikuwa umemshika pembe. Alisema hujachukua maksai mwingine. Mtu akikuuliza jina la maksai wako unaendelea na kazi yako kama hukusikia.

Halafu, akifunga mzigo wake, akasema jambo jingine kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Kitabu changu kimoja kimefika shule iliyoko juu ya tuta, kijijini kwenu, na watoto wanalalamika kwa sababu ukurasa mmoja umechanwa. Nikamuuliza upi. Akasema ule ambao Marial amesimama peke yake. Nikamuuliza nani aliuchana. Hakujua.

Tangu siku hiyo sina raha. Sijui kama ni wewe. Kama ni wewe, sijui kama uliuchana kwa hasira au uliuchana ili ukae nao. Ila nimejua kwamba vitabu vinafika mahali ambapo salamu zangu hazifiki, na ndiyo maana barua hii inachapwa humu, mwisho wa kitabu cha sita, mbele ya watu wote. Nimemwandikia mchapishaji kwamba mimi si bwana. Baada ya siku mbili akaniuliza kama ninajua ninachokipoteza. Alisema wapo wazazi watakaorudisha kitabu dukani, na wapo watakaosema nimewadanganya. Namwamini. Naogopa, kaka, na sina wa kumwambia kwamba naogopa ila wewe na kila anayesoma hapa.

Jalada litakuwa na jina langu. Marial ni jina la maksai wako, na lako. Nilikaa nalo bila kukuomba, ukaaibika mbele ya wenzako, nami nikakujibu kwa jeuri. Nisamehe. Sikuombi unipigie simu, ingawa nitakuwa bandarini Jumamosi kama kawaida.

Ukurasa unaofuata hauna maneno. Marial amesimama chini, katika nyasi kavu. Mabawa nimeyafuta, na palipokuwa na mabawa pamebaki moshi, unaijua raba yangu. Kando yake yuko mtu ameinua mikono juu, amempa msomaji mgongo. Mwalimu yule atasema ni maana kubwa. Wewe ujue tu kwamba sijui sura yako imekuwaje siku hizi, na sikutaka kubahatisha.

Nimemwomba mchapaji asichape kitu nyuma ya ukurasa huo. Uchane.

Dada yako,
Achol