Taa za Ukungu Nilizoziwasha Kagoma

Kagoma, Muleba
Jumapili jioni

Mpenzi Mama Sara,

Naomba barua hii iwakute wazima huko Njombe, wewe na watoto, na kifua cha mama kiwe kimepata nafuu. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na nitakueleza yote ilimradi usimsomee mama. Yeye msomee salamu tu.

Habari za vita mmezisikia redioni. Hapa Muleba risasi hazifiki, lakini watu wanaokimbia kutoka mpakani wanapita kutwa na magodoro, kuku na watoto. Tumeamriwa tusiwashe moto wala taa nje, ndege zisituone, na taa kubwa za magari tumezipaka rangi nyeusi, tukaacha upenyo mdogo tu. Na ukungu wa asubuhi huku ni ndugu wa ule wa kwetu. Juzijuzi nikiendesha Landrova ya kituo cha afya nilimwona mama mwenye godoro kichwani akiwa ameshafika kwenye bampa. Nilikanyaga breki mpaka gari likakaa upande. Hakuumia. Alinitazama tu, akaendelea na safari yake.

Ndipo nikakumbuka taa mbili nilizoziona stoo tangu nilipohamishiwa hapa, zile za manjano zinazofungwa chini ya bampa kwa ajili ya ukungu. Mganga wetu akaniruhusu nizipeleke nyumbani. Spea hakuna, hali unaijua mwenyewe, kwa hiyo nilibuni. Kutu niliitoa kwa msasa na majivu. Lile bakuli la ndani linalorudisha mwanga lilikuwa limebabuka, nikalibandika karatasi za kung'aa za pakiti za sigara, kipande kwa kipande, siku tatu. Raba ya kuzuia maji niliikata kwenye mpira wa baiskeli. Ma Adventina, mama mwenye nyumba ninayopanga, akanicheka kwamba nazitunza taa kuliko mke. Nikamwambia mke wangu hana kutu.

Kosa langu ni kuzijaribu. Nilijisemea taa za ukungu zijaribiwe ndani ya ukungu, tena zinamulika chini, nani atakayeziona? Alhamisi alfajiri nikaweka betri uani, nikaunganisha waya. Ziliwaka vizuri mno. Nilifurahi kama dakika moja, kisha vitu vikaanza kunipiga usoni. Ni senene, wale panzi wa kijani ambao Wahaya wanawapenda kuliko nyama, na Novemba ndio mwezi wao. Mtoto yeyote wa hapa anajua kwamba senene hufuata taa. Mimi nilikuwa sijui. Kabla sijachomoa waya, akina mama walishatoka migombani na vikapu, wanaitana, na nyuma yao wakaja mgambo wawili wenye bunduki.

Hawakunipiga. Walinikalisha kwenye umande, na mmoja akasema huyu si mtu wa hapa, Kihaya hajui, na anaziitia ndege kwa taa. Nilijua mtu akishaitwa mpelelezi wakati kama huu hakuna wa kumsikiliza. Nikawaza nani atakayekuletea habari.

Ma Adventina akaweka kikapu chini, akasimama mbele yangu.

"Mimi ndiye niliyemwambia awashe," alisema. "Nakusanya senene wa mume wangu. Akirudi akawakosa, mtamjibu ninyi?"

Haikuwa kweli hata kidogo. Lakini huku mke humkusanyia mumewe senene, naye mume humpa nguo mpya, na mke asiye na senene wa kumpa mumewe huona aibu. Na huyo mume, Ta Laurenti, ni mgambo mwenzao. Alipelekwa Kyaka, kwenye mapigano, mwezi uliopita na hajaleta hata salamu. Wale wawili walitazamana. Mkubwa wao akaniinua, akazigeuza taa mkononi, akauliza kama zinafungika kwenye gari. Nikasema ndiyo. Akasema basi kazi ipo, majeruhi wanasubiri kule kaskazini na madereva wanaukwepa ukungu.

Kwa hiyo kesho alfajiri naondoka kwenda Bukoba, kisha mbele zaidi, mpaka watakaponisimamisha. Taa nimeshazifunga. Naogopa, Mama Sara. Sijawahi kukuandikia neno hilo tangu tuoane.

Nisalimie mama, na umwambie napeleka dawa tu Bukoba. Msalimie kaka mkubwa wa shamba la viazi, shangazi anayelea wajukuu, na baba mkwe wangu mzee wa kanisa, aniombee bila kuuliza sababu. Sara na mdogo wake wabusu.

Karatasi inakwisha, lakini jambo moja siwezi kuliacha. Sasa hivi Ma Adventina ameniletea senene wa kukaanga, amewafunga kwenye jani la mgomba. Nilipomshukuru akasema si wangu, ni wa Ta Laurenti, nimpe na nimwambie nguo yake anaisubiri. Nikamwuliza nitamtambuaje, maana sikuwahi kumwona. Akasema mkono wa kushoto hana kidole cha mwisho, kilikatwa na mashine ya kukobolea kahawa. Nimemwahidi. Kila nitakayempakia, hai au maiti, itabidi kwanza nimtazame mkono wa kushoto.

Mumeo,
Baba Sara