Huyo Mashaka na Taa ya Dagaa

Mke wangu mpenzi Neema,

Nakusalimu wewe na wote mlioko Bangwe. Mama kifua kimetulia? Dagaa wanapatikana Katonga, au mnakula maharage kama mimi? Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio una homa, na sababu unaijua, maana juzi ulinikatia simu. Kwenye simu maneno hunikimbia, ndiyo maana naandika.

Tangu nitoke kambi ya wakimbizi nikaletwa huku ughaibuni kwenye baridi, kazi yangu ni kufungasha kuku kiwandani, na raha yangu ni sauti yako. Lakini tangu uanze kozi ya umeme pale Ujiji, sauti hiyo imejaa mtu mwingine. "Leo mimi na Mashaka tumepewa kompyuta moja." "Mashaka kanichekesha." "Mimi na Mashaka tunabuni taa ya kuvulia dagaa, ya betri ya sola." Halafu ukasema mahojiano ya kibali cha kuja kuungana nami unataka kuyaahirisha mpaka taa ijaribiwe ziwani. Siku hiyo nilifungasha kuku bila kuwaona.

Nikakuomba unitumie hiyo saketi yenu, yaani mpangilio wa nyaya za taa. Ulifurahi, ukadhani nimeupenda umeme. Nikaipeleka kwa jirani yangu, Mzee Nzeyimana, Mrundi aliyekuwa fundi umeme kwao. Akafungua programu ile ile mnayotumia: skrini nyeusi, hakuna picha wala vitufe. Betri unaiandika, nyaya unazipa namba, kisha unaiamuru ipige hesabu.

"Mwana wanje, mwanangu," akaniambia, "hapa hakiungui kitu. Unaona namba kwanza, kabla hujaharibu vifaa."

Nikajaribu kuiandika mwenyewe, nikakosea sana. Nikisahau waya wa ardhi, inakataa. Nikisahau nukta moja, inakataa. Mwishowe ikajibu, na Mzee akakunja uso. Umeme ulioingia kwenye taa ulikuwa mwingi mno, kwa sababu resista ya kuupunguza ilikuwa ndogo. Taa ingeungua wavuvi wakiwa katikati ya ziwa.

Neema, nilifurahi kama niliyeokota dhahabu. Nikakupigia hapo hapo. "Huyo Mashaka wako atawaacha wavuvi gizani! Kaweka resista ndogo!"

Ukasema, "Resista hiyo niliiweka mimi. Mashaka aliniambia niibadilishe, nikambishia." Ukaongeza, "Bahati, umejifunza ili unisaidie, au ili umkamate mtu?" Ukakata simu.

Nilitaka kumkamata. Nina wivu, mke wangu. Namwonea wivu kwa kile kiti anachokaa karibu nawe, kwa upepo wa ziwa, kwa kukusikia ukicheka bila mtandao kukatika. Hata hiyo kompyuta naionea wivu. Siku zote nimekuuliza uko na nani. Unasoma nini, sijawahi kukuuliza.

Ahirisha mahojiano. Itaniuma, lakini ukija umeiacha taa nusu, utanitazama kila siku kama mtu aliyekunyang'anya kitu. Siku ya kuijaribu, panda boti wewe mwenyewe uione ikiwaka. Na Mashaka, kwa kuwa ni lazima awepo, akae upande ule mwingine wa boti.

Mpe mama shikamoo yangu. Msalimie shemeji fundi baiskeli, na mjomba wako muuza mawese. Mwambie huku mafuta hayana rangi wala harufu. Mzee Nzeyimana naye anakusalimu. Anauliza kama resista umeshaibadilisha. Nami nauliza. Niandikie namba mpya mliyoipata, wewe na huyo Mashaka.

Ni mimi mumeo, mwenye wivu na mwenye kukupenda,
Bahati