Mstari wa Mwalimu

Na lile swali lako lingine, Chebet mjukuu wangu: kwa nini nasumbuka kumpigia kampeni mgombea udiwani ambaye mtaa wetu mzima wa Umbilo unasema atashindwa? Nitakujibu, ila pokea kwanza salamu za mume wangu, Elia. Mume wangu! Hata kuliandika ni raha. Asubuhi ananipikia chai huku akiimba Kirundi.

Nikiwa msichana, kwetu tulimchagua diwani kwa kupanga mstari nyuma yake. Mstari wa mgombea mmoja, mwenye kinu cha kusaga unga, ulifika barabarani. Nyuma ya mwalimu wangu, mgombea pekee mwanamke, hapakuwa na mtu. Nikaenda nikasimama.

“We binti!” chifu akafoka. “Huoni baba yako yuko kule?”

“Namwona. Naye ananiona.”

Kisha nikasikia sauti ya mama mgongoni: “Sogea mbele, na mimi nisimame.”

Tulishindwa vibaya. Lakini mwalimu hakusimama peke yake.

Hapa Durban kura ni ya siri. Siku yangu ya kwanza kupiga kura hapa sikujua hilo, nikamuuliza mwanamume aliyekuwa mbele yangu, “Mstari huu ni wa nani?”

Akacheka mpaka akavua kofia. “Ni ya watu wote, mama. Lakini tunaweza kuifanya yetu wawili.”

Ndiye Elia huyo! Kesho tunapanda tena ngazi za maghorofa kumwombea kura mgombea wetu, mlango kwa mlango, bega kwa bega. Nawe teleka chai: kabla mwezi haujaisha nitakuletea babu yako mpya umwone.

Nyanya yako